Mboga bila udongo: mkazi wa Nairobi aanze wapi?

Kila alfajiri, malori ya mboga hushuka katika soko la Wakulima, maarufu kama Marikiti, yakitoka Kinangop, Limuru, Kirinyaga na Loitokitok. Kabla ya saa moja asubuhi, kina mama mboga huwa wameshabeba magunia yao kuelekea Kangemi, Kawangware, Riruta na Waithaka. Barabara ikikatika, au mvua ikikosekana huko juu, bei ya fungu la sukuma wiki hupanda siku hiyo hiyo. Wakazi walijionea hali hiyo wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliposomba mashamba na kuharibu barabara katika sehemu nyingi za nchi.

Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Jiji la Nairobi ina wakazi 4,397,073 katika eneo la takriban kilomita 696 za mraba. Ardhi ya kulima ni haba, na kila mwaka nyumba za ghorofa huchukua sehemu ya mashamba madogo ya Dagoretti, Uthiru na Kangemi. Ndiyo maana kilimo cha mboga bila udongo, kinachojulikana pia kama haidroponiki, kinavutia wakazi wengi. Wengine wamefaulu nacho. Wengine wamenunua mitambo ya bei ghali kwa pesa za chama au za mkopo, na miezi michache baadaye mabomba yakabaki matupu juu ya paa. Makala haya yanaeleza jinsi kilimo hiki kinavyofanya kazi, kinapofaa, na mambo ambayo mkazi anapaswa kuyajua kabla ya kutoa shilingi yake.

Mmea unakula nini?

Kazi ya udongo ni kushika mizizi, kuhifadhi maji na hewa, na kutoa virutubisho. Katikati ya karne ya 19, wanasayansi wa Ujerumani, akiwemo Julius von Sachs, walionyesha kwamba mmea unaweza kukua bila udongo endapo utapewa mambo hayo kwa njia nyingine. Virutubisho vilivyoyeyushwa katika maji vinatosha. Katika miaka ya 1930, William Gericke wa Chuo Kikuu cha California alikuza nyanya kubwa kwa njia hiyo, na jina la haidroponiki likaanza kutumika. Hapa Kenya, mashamba mengi ya maua ya Naivasha hukuza waridi katika mawe mepesi ya volkano au maganda ya nazi yaliyosagwa, badala ya udongo.

Mboga za majani huhitaji naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na salfa kwa wingi, na chuma, zinki, shaba, boroni na madini mengine kwa kiasi kidogo sana. Katika udongo mzuri, mengi ya haya huwa tayari yamo. Katika maji hakuna chochote mpaka mkulima akitie. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo: udongo humsamehe mkulima aliyesahau, lakini maji hayasamehi. Kirutubisho kimoja kikikosekana, majani huonyesha dalili katika siku chache tu.

Mizizi huhitaji pia hewa. Mmea ambao mizizi yake yote imezama katika maji yasiyo na hewa hunyauka ingawa umezungukwa na maji. Kwa hiyo kila mtambo wa haidroponiki, uwe wa ndoo moja au wa nyumba nzima ya kivuli, umetengenezwa kutimiza jambo moja: mizizi ipate maji na hewa kwa wakati mmoja.

Njia nne zinazofaa mjini

Ya kwanza ni ndoo isiyo na pampu. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko hutobolewa matundu manne au matano, na katika kila tundu huwekwa kikombe chenye matundu kilichoshika mche. Mwanzoni maji hugusa sehemu ya chini ya kikombe. Mmea unavyokunywa, maji hushuka na kuacha nafasi ya hewa, na mizizi ya juu huzoea kupumua katika nafasi hiyo. Letasi moja hutumia takriban lita nne kutoka kupandikizwa hadi kuvunwa, kwa hiyo ndoo moja hulisha letasi nne au tano. Njia hii haihitaji stima. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuijaza ndoo tena hadi juu. Mizizi iliyozoea hewa huzama na kuoza.

Ya pili ni ubao unaoelea. Kreti au sanduku la mbao hutandikwa karatasi ya nailoni, hujazwa maji ya kina cha sentimita 20 hadi 30, na miche huelea juu yake katika ubao wa stairofomu. Pampu ndogo ya hewa, kama ile ya tangi la samaki wa mapambo, hutia hewa ndani ya maji. Njia hii hufaa letasi, spinachi na dania.

Ya tatu ni mabomba. Maji yenye virutubisho hupita kwa utando mwembamba ndani ya mabomba yaliyoinamishwa kidogo, kisha hurudi katika tangi. Mtambo huu ndio unaopigwa picha na kutangazwa zaidi, na ndio wenye hatari kubwa zaidi stima ikipotea. Mizizi haina akiba yoyote ya maji. Mchana wa jua kali, saa chache bila pampu zinatosha kunyausha mazao yote.

Ya nne ni vyombo vyenye mawe mepesi ya volkano, maganda ya nazi yaliyosagwa, au mchanganyiko wa vyote viwili. Mkulima humwagilia maji yenye virutubisho kwa mkono au kwa mfumo wa matone. Mawe hayo hushika maji kwa saa nyingi huku yakiacha nafasi ya hewa. Kwa sukuma wiki, managu na saga, ambazo huchumwa majani kwa miezi kadhaa na zina mizizi mingi, njia hii huwa imara kuliko mabomba. Pia humvumilia mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku.

Maji: wingi wake na ubora wake

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, lililokamilika 1994. Mengine hutoka Sasumua, Ruiru na chemchemi za Kikuyu. Mgao wa maji ni jambo la kawaida katika mitaa mingi, na hapo ndipo kilimo bila udongo kina nguvu zake. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona nchini Marekani walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba kilo moja ya letasi iliyokuzwa kwa haidroponiki ilihitaji takriban lita 20 za maji, ikilinganishwa na lita 250 shambani. Sababu ni kwamba maji hayapotei ardhini; yasiyonywewa leo hubaki katika tangi kwa ajili ya kesho.

Hesabu hiyo hiyo ilikuwa na upande wa pili. Letasi ya haidroponiki ilitumia nishati zaidi ya mara 80, hasa kwa kupasha na kupoza nyumba za kukuzia na kwa taa. Nairobi, iliyo karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, haina baridi kali wala joto la jangwani, na ina jua la kutosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mkazi wa Nairobi anayenunua taa za kukuzia au mashine ya kupoza hewa ili akuze sukuma anapoteza faida ambayo hali ya hewa imempa bure. Neti ya kivuli na karatasi ya kukinga mvua zinatosha. Anachopaswa kutarajia ni kwamba Juni hadi Agosti, wakati wa mawingu na baridi, mboga zitachelewa kwa wiki moja au zaidi.

Ubora wa maji ni suala jingine. Maji ya bomba yenye klorini yanaweza kuachwa wazi usiku kucha kabla ya kutumiwa. Maji ya visima, yanayotumiwa na majumba mengi ya Kileleshwa, Lavington, Kilimani na Karen, yanahitaji uangalifu zaidi. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi, na baadhi yana chumvi na magadi ambayo hupandisha pH. Maji ya mvua yaliyovunwa kutoka paa safi ni bora zaidi, na hayalipiwi. Kwa vyovyote vile, ni busara kupima maji kabla ya kununua mtambo. Maabara ya taifa ya utafiti wa kilimo ya KALRO, iliyoko Kabete kando ya Waiyaki Way, hupima udongo na maji kwa malipo.

Maji ya mito ya Nairobi, Ngong na Mathare, au ya mifereji ya maji taka, hayafai hata kidogo. Hubeba vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo, pamoja na madini mazito kama risasi yanayotoka katika taka za viwanda na karakana. Kukuza mboga katika mabomba mapya kwa maji hayo ni kuhamisha hatari kutoka kando ya mto hadi juu ya paa.

Virutubisho na vipimo viwili

Virutubisho huuzwa katika maduka ya agroveti, kwa kawaida katika pakiti mbili, A na B. Havitenganishwi kwa ajili ya biashara tu. Kalsiamu ikikutana na salfa au fosforasi zikiwa hazijazimuliwa, hugandamana kama chokaa chini ya chombo, na mmea haupati chochote. Kwa hiyo pakiti A huyeyushwa katika maji mengi kwanza, kisha B huongezwa.

DAP na CAN zinazotumiwa shambani hazifai kuchukua nafasi ya virutubisho hivyo. Haziyeyuki kikamilifu, hazina madini yote, na sehemu ya naitrojeni yake iko katika umbo ambalo hutegemea viumbe vidogo vya udongo kuligeuza. Vilevile mbolea ya samadi iliyoloweshwa haifai katika mabomba: huoza, huziba pampu, na inaweza kupeleka vijidudu vya kinyesi kwenye majani yanayoliwa mabichi.

Mkulima anahitaji vifaa viwili vya kupimia. Cha kwanza ni cha pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji. Mboga za majani hustawi kati ya 5.5 na 6.5. Maji yakizidi 7, chuma hushindwa kuingia katika mmea na majani machanga huwa ya manjano hata kama chuma kimo tele. Uchachu huongezwa kwa asidi maalumu, matone machache kwa wakati, na kanuni ya usalama ni kutia asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Cha pili ni cha EC, kinachoonyesha nguvu ya virutubisho. Letasi hutosheka na kati ya 0.8 na 1.2, spinachi huhitaji karibu 1.8 hadi 2.3. Kuzidisha hakuharakishi mavuno. Huunguza kingo za majani na kupoteza pesa.

Joto la maji nalo lizingatiwe. Yakizidi nyuzi 25 hivi, hewa iliyomo hupungua na ugonjwa wa kuoza mizizi huingia. Tangi jeusi juu ya paa la mabati, mwezi wa Februari, huzidi kiwango hicho kwa urahisi. Kulipaka rangi nyeupe au kulifunika kwa gunia kunasaidia. Mwanga pia usiingie ndani ya tangi, kwa sababu huotesha mwani. Kila chombo kifunikwe vizuri, kwa sababu maji yaliyotuama wazi ni mazalio ya mbu.

Hesabu kabla ya kununua

Mazao yachaguliwe kulingana na mnunuzi. Letasi iko tayari wiki nne hadi sita baada ya kupandikizwa, lakini wanunuzi wake wengi ni hoteli na mikahawa ya katikati ya jiji na Westlands, ambayo hutaka mzigo ule ule kila wiki. Terere huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Sukuma wiki huanza kuchumwa baada ya wiki sita hadi nane na huendelea kwa miezi. Familia ya Kangemi itanunua terere, managu na sukuma leo na kesho. Letasi huenda isinunuliwe kabisa.

Ukweli mwingine ni wa bei. Msimu wa mvua, sukuma ya Marikiti huwa rahisi sana, na hakuna mtambo wa mabomba utakaoishinda kwa bei. Mboga za haidroponiki hushinda wakati wa kiangazi, na kwa wateja wanaothamini mboga safi iliyochumwa saa hiyo hiyo na ambayo wanajua ilimwagiliwa maji gani. Anayeahidiwa faida kubwa kila mwezi wa mwaka anapaswa kuuliza maswali zaidi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa mfano, mtambo ukigharimu shilingi 24,000 na kutarajiwa kudumu miaka miwili, kila mwezi unapaswa kurudisha shilingi 1,000 kabla ya kuhesabu mbegu, virutubisho, maji na stima. Pampu ya wati 20 inayofanya kazi mchana na usiku hutumia takriban uniti 14.4 za stima kwa mwezi. Ikiwekewa kipima saa ili ifanye kazi nusu ya muda, hutumia uniti 7.2. Jumla hiyo ilinganishwe na pesa ambazo nyumba hutumia kwa mboga kila mwezi, au na bei ambayo mnunuzi amekubali, si bei iliyoandikwa katika tangazo. Kwa anayeanza, ndoo mbili zisizo na pampu kwa miezi miwili hutoa funzo kubwa kwa gharama ndogo.

Paa, mwenye nyumba na majirani

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 1,000 lililojaa ni tani nzima iliyosimama mahali pamoja. Paa la mabati haliwezi kubeba uzito huo, na hata paa la saruji lisiwekewe mzigo bila ushauri wa mhandisi. Mpangaji apate kibali cha mwenye nyumba kwa maandishi, ili asije akaambiwa aondoe kila kitu mazao yakiwa nusu njia. Waya za pampu zifungwe na fundi wa stima aliyesajiliwa, zisipite mahali penye maji, na watoto wasifikie tangi wala chupa ya asidi.

Maji ya virutubisho yaliyochoka hubadilishwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Yasimwagwe katika mtaro unaoelekea mtoni, kwa sababu huotesha magugu ya maji. Yamwagiliwe miti, maua, au mboga zilizopandwa katika magunia ya udongo.

Usalama wa anayekula

Mboga kukuzwa bila udongo hakumaanishi kwamba haina dawa. Vidukari na inzi weupe hufika hata ghorofa ya kumi. Neti, mitego ya manjano yenye gundi na kuondoa majani yaliyoathirika vitumiwe kwanza. Ikibidi kupuliza dawa, iwe iliyosajiliwa na bodi ya serikali ya kudhibiti dawa za wadudu, PCPB, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko zitimizwe kabla ya kuchuma. Majani yaliyokulia kivulini kwa naitrojeni nyingi hulimbikiza naitreti. Kuyapa mwanga wa kutosha na kuyachuma alasiri badala ya alfajiri hupunguza kiwango hicho. Anayechuma anawe mikono, na vikapu vioshwe kwa maji safi.

Haki na msaada

Kwa miaka mingi, kulima jijini kulionekana kama kosa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, ilitambua haki ya kila mtu kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika, na Jedwali la Nne likaikabidhi kaunti jukumu la kilimo. Mwaka 2015, Bunge la Kaunti ya Nairobi lilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Mkazi anayekuza mboga kwa ajili ya jamaa yake anafanya jambo linalotambuliwa. Anayeuza kwa hoteli au kufungua duka anahitaji kibali cha biashara cha kaunti, na lazima afuate masharti ya afya ya umma.

Ushauri wa kilimo hupatikana katika ofisi za kilimo za kaunti ndogo, zikiwemo Dagoretti Kaskazini, Dagoretti Kusini, Westlands na Lang'ata. Aidha, Maonyesho ya Kimataifa ya Biashara ya Nairobi, yanayofanyika kila mwaka katika uwanja wa Jamhuri, Barabara ya Ngong, huwapa wakazi nafasi ya kuona mitambo mbalimbali ikifanya kazi na kulinganisha bei kabla ya kununua.

Mkazi anayekwenda kuuliza abebe mambo manne: chanzo cha maji yake, ukubwa wa nafasi na saa za jua inazopata, mboga anayotaka kukuza, na jina la atakayeila au kuinunua. Akiwa na majibu hayo, afisa wa kilimo anaweza kumwambia kama anahitaji mabomba, ndoo mbili, au gunia la udongo tu.